Wiki Nne Bila Kibanio

Kibanio nilikinunua Jubilee, shilingi thelathini,
mwaka ule Ochola alipozaliwa.
Kimelala mkobani tangu hapo, kando ya futi kamba,
kimesafiri nami kikazi, kimelala hotelini Siaya,
kimekijua kidevu changu kuliko baba yake Ochola.

Sasa Bi Khavere, pale kliniki ya Milimani,
ananiambia kwa sauti ya mtu anayesoma mita ya maji:
wiki nne, using'oe.
Nta hapana, uzi hapana.
Ukizidiwa, nyoa. Kata juu, mzizi uache.
Mwanga huteremka kwa unywele
kama fundi ateremkavyo kisimani kwa kamba.
Kamba ukishaing'oa, atateremkia nini?

Nikacheka. Akadhani namcheka yeye.

Dada, mimi ni afisa wa kilimo.
Ahero nzima inanijua kwa neno moja: mzizi.
Miaka kumi na tano nasimama kwenye matuta ya mpunga
nikiwagombeza watu wazima:
ndago haikatwi! Ndago huchimbwa
hadi ukione kitunguu chake,
ukikata juu umeipa likizo tu.
Na jioni, komeo mlangoni,
nayatenda ninayoyahubiri,
unywele mmoja mmoja, na kishina chake cheupe,
na keshokutwa zinaota
utadhani nimezitia mbolea.

Kisha akafika kwenye jua.
Mwanga wetu hutafuta weusi, akasema.
Haujui kusoma, haujui jina lako,
unywele na ngozi kwake ni weusi tu.
Hii mashine ni ya ngozi kama zetu, yazama chini, haina pupa,
lakini usiiongezee kazi. Jua liepuke.

Jua! Uwanda wa Kano!
Saa nne asubuhi maji ya mpunga
yanakurushia jua la pili kutoka chini,
kofia hata iwe pana kama ungo.
Nikajipaka dawa ya jua, nikapaka tena saa sita,
uso ukawa rangi ya ugali uliolala,
na wakulima wakaulizana kwa adabu
nimehamia dhehebu gani.

Krimu ya kung'arisha, ile ya kopo la waridi, nikaifungia kabatini.
Manjano nikayarudisha jikoni.

Mama yangu, Plister, alitumia majivu.
Jumamosi, kabla ya kuku kufunguliwa,
majivu vidoleni ili unywele usiteleze,
uso kaupa ukuta.
Nilidhani anasali.
Alinirithisha kidevu,
neno lake akaenda nalo.

Wiki ya tatu nikalisema mwenyewe, bafuni: ndevu.
Ndevu zangu.
Paa halikuanguka.

Usiku wa mwisho, wembe mpya, beseni, povu lisilo na manukato.
Ochola kasimama mlangoni, miaka kumi na minne,
mdomo wa juu umeanza kushika vumbi.
Nikangoja aulize kwa nini.
Akauliza, "Unaanzia wapi?"

Nikamsogezea kioo.
Fuata zinakolala, nikamwambia. Usikandamize.
Vuta ngozi kidogo, hivi.
Ukijikata usipige kelele, baba yako ataamka.
Tukanyoa, yeye vumbi lake, mimi yangu,
kila mtu na wembe wake, beseni moja,
na juu ya maji ukaelea unywele mmoja mweupe
tukabishana ni wa nani.

Mvi mwanga hauzioni, Bi Khavere alishaniambia,
hazina weusi wa kufuata. Hizo utabaki nazo.

Asubuhi nikaosha uso kwa maji matupu,
nikafunga kitambaa, nikachukua mwavuli.
Kibanio nimekiacha nyumbani.
Sikukitupa.